Injini Iliyopangwa kwa Mguu wa Mke Wangu

Ukitaka kumjua mtu wa Nakuru anayependa magari, mpe gari zima lisilo na kasoro, kisha umwache nalo kidogo. Atalichokonoa tu. Mimi nilinunua station wagon ya bluu, ya Kijapani, gia za mkono, injini yenye turbo ya kuisukumia hewa, na aliyeniuzia aliapa kwamba boneti haijawahi kufunguliwa ila kwa kubadilisha oili. Mvua za mwaka ule hazijaisha, nilikuwa nimeng'oa salensa ya kiwandani, ile ya bomba la moshi, na kuweka nyingine pana. Filta ya hewa nayo nikaitoa, nikaweka ile ya wazi inayovuta kwa sauti. Basi. Mengine sikugusa, lakini nilijiona nimeunda gari la mbio.

Kazi yangu ni duka la pembejeo: mbegu, mbolea, dawa za kunyunyizia viazi. Wateja wangu wengi wako juu, Molo na Elburgon na kwenye mashamba yaliyokuwa ya walowezi kuelekea Mau Summit, kwa hiyo barabara ya Salgaa nimeipanda na kuishuka miaka mingi. Huko juu hewa ni nyepesi na magari mengi hukata pumzi. Langu lilikuwa likiyapita malori mlimani huku likinguruma, na mimi mle ndani nilikuwa na furaha ya kijinga ambayo sijawahi kuipata kanisani. Nasema hivi nikijua mke wangu ndiye atakayeyasoma haya kwanza.

Ila tangu niweke vitu vile, gari lilikuwa na tabia. Ukikanyaga mafuta, kwanza hakuna kitu, kama mtu uliyemwamsha usingizini anayekuuliza umesemaje. Kisha turbo inaamka ghafla na gari linakurusha mbele. Mimi nililipenda lile teke. Niliwaambia watu kwamba hiyo ndiyo nguvu, na wenzangu pale tunapooshea magari walikubali, kwa sababu sisi sote tulikuwa tunapima nguvu kwa masikio. Gari likizidisha kelele, tunasema limezidisha mwendo.

Upande wa viwandani kuna karakana moja yenye mashine wanayoiita dyno. Gari hupandishwa juu ya roli za chuma, likafungwa kwa mikanda, kisha likakimbizwa pale pale lilipo huku mashine ikipima nguvu inayofika kwenye magurudumu. Fundi huunganisha laptopu yake na kompyuta ya gari, akawa anabadilisha kidogo kidogo jinsi injini inavyochanganya hewa na petroli, akipima, akibadilisha tena. Kuna njia nyingine ya mkato, ya kununua programu iliyokwisha kuandikwa kwa magari ya aina yako na mtu ambaye hajawahi kuliona lako. Hii ya dyno hushonwa kwa gari lako peke yake, kwa petroli yetu na hewa yetu ya huku milimani.

Kwa muda mrefu nilijiuliza kama gari lililoguswa kidogo vile linastahili kazi kubwa namna hiyo. Nilimuuliza kila mtu aliyekuwa tayari kunisikiliza, na wengine ambao hawakuwa tayari. Wengine walisema salensa na filta si kitu, kompyuta ya kiwandani itajipanga yenyewe. Wengine walisema kuweka vitu vile bila kutune, yaani kuipanga upya kompyuta, ni kuvaa suti na ndala. Nilikuwa naelekea kukubaliana na hawa wa ndala, kisha macho yakaingilia kati.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, tunapeleka mbegu za sukuma wiki kwa mteja wa mtaa wa Rhonda. Nilipokata kona kuingia kushoto, mke wangu, aliyekuwa amekaa kando yangu, alipiga kelele na kuudaka usukani. Kulikuwa na boda boda ubavuni, amebeba mama na mtoto. Hatukuwagusa. Yule kijana alinitukana vizuri sana, kwa ufundi kabisa, kisha akaenda zake. Mimi nikabaki kulalamika kwamba watu wa pikipiki hutokea kama mizimu.

"Hajatokea popote, baba," mke wangu akasema. "Alikuwa hapo tangu kule kwa stage ya matatu. Mimi nilikuwa namwona."

Daktari wa macho alikuwa binti wa rika la mtoto wangu wa mwisho. Aliniweka mbele ya kitu kama bakuli kubwa jeupe, akanipa kitufe, akaniambia nibonyeze kila nikiona kinuru. Nilibonyeza, kisha nikangoja, nikangoja sana, mpaka nikataka kumwambia kwamba mashine yake imeharibika. Kumbe vinuru vilikuwa vikiwaka pembeni muda wote. Presha ya macho, akasema. Kuona kulikokwisha kuondoka hakurudi. Dawa ya matone itajaribu kulinda kilichobaki. Nikamuuliza kama ninaweza kuendesha mchana tu, kwenye barabara ninazozijua. Aliniangalia kwa huruma, na ile huruma ilinichoma kuliko ugonjwa wenyewe.

"Mzee, usiendeshe tena," alisema. "Hata mchana."

Nililia katika choo cha hospitali, nimefungua bomba la maji ili nisisikike. Kisha nikanawa uso na kutoka nikiwa na kisirani cha kutafuta mtu wa kugombana naye. Nilimpata mlinzi wa getini, maskini, ambaye hakuwa amenifanyia lolote. Gari tuliliacha pale pale, mwenzangu mmoja akatuletea kesho yake; sisi tulirudi nyumbani kwa tuktuk. Njia nzima mke wangu aliangalia nje.

Kumbe alikuwa anapanga. Wiki ile ile alijiandikisha shule ya udereva. Mwanamke aliyekwisha kuwa nyanya, katikati ya vijana waliomaliza sekondari juzi, wakimwita mathe, yaani mama, na kumshikia mkoba. Alijikaza kisabuni. Alijifunza kwa pikapu moja kuukuu iliyochoka, akafanya mtihani, akapita. Siku alipoleta leseni nilimpongeza, na nilikuwa nampongeza kwa moyo, lakini niliingia chumbani nikakaa kitandani na viatu.

Kisha tukajaribu gari letu. Kuna uwanja karibu na kwetu, huku Lanet, ambako watu hufundishana. Nilikaa kushoto, yeye kulia, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu tuoane.

"Kanyaga mafuta polepole," nikamwambia.

Akakanyaga polepole. Gari likalala. Akaongeza, kama mtu yeyote mwenye akili angeongeza. Turbo ikaamka, naye kwa kushtuka akazidi kukanyaga, tukavuka mtaro na kuingia moja kwa moja kwenye ua wa kayaba wa jirani. Miiba ilichora ubavu mzima wa gari. Nilifoka. Alizima injini, kisha akasema taratibu, "Hili gari lako lina wazimu. Liuzwe. Tununue kadogo, ka automatic, kanakoenda nikikaambia kaende."

"Ukiliuza, uniuze nalo," nikasema, kama mtoto.

Siku hizo tulikula kila mtu akiangalia sahani yake. Nilikuwa na sababu zangu nzuri za kukataa. Gari linabeba magunia. Linapanda Molo kwenye tope. Tunajua kila ugonjwa wake. Lakini sababu ya kweli ilikuwa nyingine, na nilimwambia baadaye: gari likiondoka getini, basi macho yangu yamekwisha. Likiwa pale kwenye kivuli chake bado nilikuwa mtu mwenye gari ambaye leo hajisikii kuendesha. Na upande wake yeye kulikuwa na jambo zito zaidi. Asipopata gari analoweza kuliendesha bila hofu, duka lingekufa, kwa sababu wakulima wa juu hawashuki kuja kwetu. Sisi ndio tunaopanda kwenda kwao. Nilijua hivyo. Bado sikutaka.

Mwisho nilimwomba kitu kimoja. Kabla halijaenda, nataka lipimwe. Nijue tu lilikuwa na nguvu kiasi gani. Aliniangalia kama anayemwangalia mgonjwa aliyeomba soda, akakubali. Alilipeleka mwenyewe, gia ya pili mwanzo mpaka mwisho, akisindikizwa na honi za mji mzima.

Mwenye karakana ni Mhindi wa kilemba, mzaliwa wa hapa hapa, ambaye baba yake alikuwa akitengeneza magari ya mbio. Alilizunguka gari, akalisikiliza likiunguruma, akapitisha kidole kwenye michubuko ya kayaba bila kuuliza.

"Mzee, umeweka nini hapa?"

"Salensa na filta."

"Turbo ni ile ya kiwanda? Hujagusa?"

"Sijagusa."

"Basi nikwambie ukweli, na mimi ndio nauza hii kazi." Alijifuta mikono kwa kitambaa. "Hii gari umeigusa kidogo tu. Kama ni nguvu unatafuta, nikiitune hapa siku mzima itaongezeka kidogo, hata mlimani hutasikia sana. Chukua ile programu ya tayari, uende nyumbani. Hii ya dyno inafaa mtu atakaa na gari. Wewe unapanga kukaa na hii muda gani?"

Lilikuwa swali la biashara, na nadhani humuuliza kila mteja. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya petroli, ya plagi, ya klachi, nikitaka aone kwamba nayajua mambo haya. Hili sikulitarajia, nikainama kama ninayekagua tairi.

"Haendeshi tena," mke wangu akajibu. "Ni macho."

Yule fundi aliweka kitambaa chini. "Pole sana, mzee. Sasa nani ataendesha?"

"Tunaiuza," akasema mke wangu.

"Yeye," nikasema mimi, kwa wakati ule ule.

Fundi alituangalia kwa zamu, kisha akamgeukia mke wangu. "Mathe, hebu niambie, hii gari inakusumbua na nini?"

Mke wangu si mtu wa magari, lakini alilieleza vizuri kuliko nilivyowahi kulieleza mimi. Alitumia mikono. Kwanza inalala, akasema, halafu inaruka kama mbuzi, na mimi sijui itaruka saa ngapi. Fundi akatikisa kichwa akitabasamu. Akatuambia kwamba ile filta ya wazi inaidanganya kompyuta, haijui tena ni hewa kiasi gani imeingia, ndiyo sababu injini inasitasita chini halafu inajirusha juu. Lile shimo linaweza kuzibwa. Lile teke linaweza kutolewa. Lakini ingebidi afanye kwa mkono, juu ya roli, hatua kwa hatua, na salensa ya kiwandani ikirudi ingekuwa bora zaidi.

"Iko nyuma ya gari," mke wangu akasema. "Na filta pia. Nilizipakia asubuhi. Nilifikiri mnunuzi atazitaka."

Nilikuwa sijui. Nilimgeukia, na kwa sababu siku hizi lazima nigeuze kichwa chote ili nimwone mtu aliye kando yangu, aliona wazi kwamba namwangalia. Akaangalia kando.

Fundi alisema kwanza apime gari lilivyo. Akalipandisha juu ya roli, akalifunga kwa mikanda mbele na nyuma, akawasha feni kubwa mbele ya boneti. Kisha akafungua mlango wa dereva, akaniambia, "Ingia, mzee. Ukanyage wewe."

"Si umesikia siwezi kuendesha?"

"Hapa haiendi mahali."

Nikaingia. Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele kwa sababu ya miguu ya mke wangu, nikakirudisha nyuma. Fundi alisimama dirishani na kuniambia la kufanya: gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, taratibu, sasa ya nne, shikilia hapo, ukisikia nimesema sasa, kanyaga mpaka chini usiachie. Akasema sasa. Nikafumba macho na kukanyaga.

Lile shimo likaja, gari likasita kama lilivyosita mara zote. Kisha turbo ikaamka, sauti ikapanda ukutani na kwenye mabati, gari zima likatetemeka na kuvuta mikanda, upepo wa feni ukaingia dirishani, na mimi nikawa naendesha. Sina njia nyingine ya kusema. Hakukuwa na boda boda wa kutokea ubavuni. Hakukuwa na mtoto wa kuvuka. Mtu asiyeona na mtu anayeona wangekuwa sawa pale. Machozi yalinitoka na sikuyapangusa, kwa sababu mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye usukani.

"Toa mguu!" fundi alikuwa akipiga kelele. "Toa mguu, mzee, imetosha!"

Nikatoa. Roli ziliendelea kuzunguka kwa muda, zikapunguza, zikasimama. Nikamuuliza kama anahitaji kupima tena ili ahakikishe. Alikuwa amekwisha kupata alichotaka, niliona hivyo kwenye uso wake. Lakini alisema ndiyo, tupime tena.

Baadaye alinionyesha mstari kwenye skrini. Chini kulikuwa na bonde, na baada ya bonde mlima mkali. Akauweka juu yake mstari wa gari kama langu ambalo halijaguswa. Huo wa pili ulipanda vizuri tangu mwanzo, ukafika karibu pale pale. Miaka yote ile nilikuwa napoteza nguvu chini na kushangilia kelele. Nilicheka kwa uchungu. Nilitamani wenzangu wa pale tunapooshea magari wauone, kisha nikashukuru kwamba hawakuuona.

"Sasa tufanye nini?" fundi akauliza.

Nilimwangalia mke wangu, amesimama karibu na mlango, bado ameziba masikio ingawa injini ilikuwa imezimwa.

"Litune," nikasema. "Lakini si kwa mguu wangu. Mweke yeye kitini, lipange kwa mguu wake."

Ilichukua alasiri yote. Wafanyakazi wake walifungua salensa na filta zangu, wakarudisha za kiwandani. Kisha mke wangu akakaa kitini, akasogeza kiti mbele tena, na fundi akamwambia asijaribu kuwa dereva, akanyage tu vile anavyokanyaga akiwa peke yake. Akakanyaga. Fundi akaangalia, akaandika vitu kwenye laptopu, akamwambia rudia. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya tairi kuukuu, nikisikiliza. Kila mara teke lilikuwa dogo zaidi. Kuna wakati nilisikia kitu cha mwisho, kama mtu anayeguna, na mara iliyofuata hakikuwepo. Mke wangu akacheka kwa mshangao. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu hospitalini. Nilimpenda sana wakati ule na nilimwonea wivu mbaya, vyote kwa pamoja, na sikujua niufanye nini moyo wangu.

Turudi kwenye lile swali langu. Je, inafaa? Kwa nguvu, hapana. Fundi alikuwa mkweli, gari lililoguswa kidogo haliongezi kitu cha kusimulia, na anayetaka kujisifu abaki na kelele zake. Mimi nililipa ili gari langu lipunguzwe. Na siku ile ile mke wangu aliliendesha kupita katikati ya mji, saa ambayo kila mtu anarudi nyumbani, akabadilisha gia bila gari kushtuka hata mara moja. Tulipofika kwenye mzunguko aliingia, akatoka, akasema, "Sasa hii ni gari." Halikuuzwa. Wiki iliyofuata alilipandisha mpaka Molo likiwa na mbegu za viazi, akarudi akinisimulia barabara ambayo nimeijua kabla yake, na nilimwacha asimulie.

Sasa ni yeye anayekwenda. Wakulima wamemzoea, wanampigia yeye simu. Mimi nabaki dukani mpaka mchana, kisha narudi nyumbani kwa tuktuk. Ninachoona mbele yangu kimeendelea kuwa finyu na chenye ukungu, ingawa matone natia kila siku bila kukosa.

Juzi jioni nilikuwa nimekaa kwenye veranda, mwanga umeanza kufifia. Nikasikia gari likija kwenye barabara yetu ya vumbi na kusimama getini. Injini ya upole, ya mtu asiye na haraka. Nikajiambia tuna mgeni, pengine mtu wa kanisa. Nilifunga vifungo vya shati, nikateremka ngazi nikishika ukuta, nikafungua geti. Taa zilinipiga machoni, sikuona rangi wala sura.

"Karibu, karibu sana," nikasema, kwa ile sauti tunayowawekea wageni. "Ingiza tu gari. Mama hayuko, ameenda Molo, lakini atarudi sasa hivi."

Taa zikazimwa, kisha injini. Mlango ukafunguka, nikasikia viatu kwenye changarawe vikija mpaka karibu nami.

"Ni mimi, baba," mke wangu akasema.

Nikacheka. Nikamwambia najua ni yeye, nilikuwa namtania tu. Hakucheka. Alinishika mkono, akauweka juu ya boneti, bado ilikuwa na moto wa safari, akaushikilia pale.